Hodi Kwenye Kioo

Ketini, mnaotaka kusikia, ila msijistareheshe mno, kwa maana mji utakaotajwa hapa haujapata kumstarehesha mtu mwenye akili timamu. Ulikuwa na mnara, na mnara ulikuwa na saa, na mishale ya saa hiyo ilifungwa waya juu ya saa sita kamili, kwa kuwa ndiyo saa aliyozaliwa Mkubwa wa mji. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni sita ya mchana au sita ya usiku. Watu waliamkiana “Adhuhuri njema” jua likichomoza, wakaamkiana vivyo hivyo wakiwa wameshika vibatari. Na mama akimlaza mtoto alimwambia, lala mwanangu, adhuhuri imeingia. Jua, kwa ukaidi wake, liliendelea kuchomoza na kuchwa kama lilivyoamriwa tangu misingi ya ulimwengu. Lakini nani alikuwa na habari na jua? Shingo za mji mzima zilikuwa zimeelekea mnarani, na shingo ikielekea upande mmoja kwa muda mrefu, hukauka huko.

Mzee Salatieli ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa shule ya misheni, enzi ambazo saa zilikuwa bado na miguu. Alipiga kengele ya kuamka, ya sala, ya darasa, ya bustani na ya kulala, wala hakupata kuikosea hata moja, kwa kuwa mtu anayekosea kengele, alisema, amewaibia watu wote kwa mkono mmoja. Siku mishale ilipofungwa waya, kengele yake iliteremshwa, ikayeyushwa, ikafuliwa sinia la kulia pilau kwenye karamu za Mkubwa. Watu walishangilia. Walisema shaba ile sasa imepata kazi ya maana. Tangu siku hiyo Salatieli aliwatazama watu wa mji kama mtu atazamavyo chawa katika mshono wa kanzu yake nzuri: bila hofu, bila hasira, akijua idadi yao ni kubwa na thamani yao ni ndogo.

Bahari nayo ilikuwa imeuhama mji. Ni lini, hakuna anayekubaliana na mwenzake. Damari, dada yake Salatieli, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko sindano zake za kufumia, alisema ni mwaka jana, maana nguo alizoanika siku ile hazijakauka. Wengine waliapa kwamba babu zao waliipokea habari hiyo kwa babu zao. Salatieli alijua jambo moja tu: alishuka mahali palipokuwa ufuko, akakuta dimbwi moja limesahauliwa kati ya mawe, na alipotia mkono, maji yaliwaka buluu kuzunguka vidole vyake. Akayachota kwa mtungi, akapanda nayo mjini akitembea kama mchungaji abebaye kikombe cha ushirika.

Ndani ya maji yale walikuwamo viumbe wadogo kuliko unga unaobaki kwenye nyuzi za chekeche. Wenye elimu huwaita planktoni. Salatieli aliwaita wenyeji, kwa sababu katika mji mzima hao peke yao ndio waliojua ni saa ngapi. Kuwaka kwao kuna wakati wake. Mchana hula mwanga na kunyamaza, ugonge usigonge. Usiku huwa tayari kuwaka. Ukiwafungia gizani wasione jua wala taa, bado usiku wao ukifika wataujua, kama tumbo la mtu mwaminifu lijuavyo saa ya chakula. Hawakuwa na mnara. Hawakuwa na waya. Aliyewaagiza aliwaagiza mara moja tu, basi.

Aliwatunza katika tangi la kioo lisilozidi ukubwa wa kreti ya soda. Matunzo yao si mengi, lakini hayamvumilii mzembe. Maji aliyachemsha, akayapoza, akayatia chumvi ya mawe, akayaonja kwa ncha ya ulimi mpaka ulimi ukumbuke bahari. Mara mojamoja aliongeza tone la maji ya mbolea, kwa kijiti, wala si kwa kijiko, kwa maana ukarimu wa kijiko ungewaua. Hakutia pampu ya kupuliza mapovu. Kinachomfurahisha samaki huwachosha hawa hadi mauti. Joto lilipozidi alilivika tangi gunia bichi. Chini yake, juu ya meza, alikunja blanketi la kijivu, ili mishindo ya miguu isipande hadi kwenye maji. Madirisha aliyaziba kwa kitambaa cheusi, na taa aliiwasha wakati jua limekuchwa na kuizima jua likiwa juu, hata chumba kile kikawa na mchana wake na usiku wake, kinyume cha dunia. Hivyo mtu aliyekuja kwake wakati wa jua kali aliingia gizani, na gizani akakuta wenyeji wako macho.

Sasa upumbavu.

Watu wa mji ule walikuwa na adabu. Hili lazima lisemwe, maana adabu ndiyo iliyokuwa silaha yao. Hakuna aliyevuka kizingiti pasipo kubisha hodi, hata choo chake mwenyewe. Na hodi ilikuwa na sheria: utabisha mara tatu, na usipoambiwa karibu utageuka uende zako, hata kama umekuja kuchukua maiti ya mama yako. Sheria hiyo haikuandikwa na Mkubwa, na kwa sababu hiyo ilitiiwa. Basi walipokuja kuwatazama wenyeji walifanya kama walivyolelewa. Waliinama mbele ya tangi, wakagonga kioo kwa kifundo cha kidole, wakasema, “Hodi!” Na maji yakawaka buluu kutoka pale kidole kilipogonga, kama shuka inayokung'utwa. Hapo walishusha pumzi, wakageukiana gizani, wakasema, “Wametukaribisha.”

“Mbona mimi wameniitikia kidogo?” aliuliza mwanamume mmoja mnene, fundi wa viatu.

“Umebisha kama mtu anayekwenda ukweni,” mkewe, Mama Ezra, alimjibu. “Bisha kiume! Hodi, jamani wenyeji! Hodi! Ona, ona baba! Wamefurahi mpaka chini!”

Hawakuwa wamefurahi. Salatieli, aliyekaa kwenye kiti chake cha mvule pembeni, fimbo juu ya magoti, alijua. Mwenyeji huwaka anapoguswa na kinywa cha kitu kinachotaka kumla. Huwaka ili kitu kikubwa zaidi, kilichojificha gizani, kimwone mlaji na kuja kumla yeye. Kwa hiyo mwanga ule ni ukunga, kilio cha “jamani njooni” anachokipiga mwenye nyumba akikuta mlango umevunjwa. Na kila ukunga hupunguza uhai wa anayeupiga. Mwenyeji akigongwa kutwa nzima hufifia, kisha huzama chini ya tangi kama masizi, wala hafufuki.

Mji ule ulikuwa na sheria ya ukunga pia, kongwe kuliko sheria ya hodi: asikiaye ukunga hutoka. Hutoka na jembe, hutoka na mwiko, hutoka na taulo kiunoni ikibidi. Asiyetoka, siku ya msiba wake majirani hukaa makwao. Lakini ni miaka mingi hakuna aliyesikia ukunga mjini, na watu walisema ni kwa sababu ya amani.

Mtauliza, kama alijua, kwa nini hakuwafukuza? Swali zuri, Damari pia aliuliza. Hakuwafukuza kwa sababu dharau nayo ina njaa yake, na Salatieli alikuwa akiilisha. Aliwaacha wabishe mara moja moja, wachache, kiasi ambacho wenyeji wangeweza kustahimili, akakaa gizani akiyatazama yale mashavu yaliyoangazwa buluu, yaliyotabasamu kwa kilio. Akajisemea: hawa ndio. Hawa ndio walioshangilia kengele ikiyeyuka. Kisha alijisikia msafi.

“Kaka,” Damari alisema, sindano zake zikigongana gizani, maana alifuma pasipo kuhitaji macho, “huwafukuzi wala huwakaribishi. Wewe ni mwenye nyumba au ni kitasa?”

“Mimi ni shahidi.”

“Ahaa. Shahidi aliyekaa.”

Siku moja akaja Hezroni, Bwana Mapokezi wa Mkubwa, akasimama mlangoni, jua likimwangaza.

“Hodi!”

“Karibu,” alisema Salatieli, kwa sauti ya mtu anayefungua jeneza.

“Shikamoo, Mzee wangu.”

“Marahaba. Wewe ni Hezroni yupi?”

“Hezroni wa Mapokezi, Mzee.”

“Hezroni wa Mapokezi aliyekuja juzi alikuwa na kipara.”

“Ndiye mimi.”

“Wewe una nywele.”

“Cheo kimeota nywele, Mzee,” Hezroni alisema, akacheka peke yake. Katika mji ule vyeo ndivyo vilivyodumu. Miili ilibadilishwa ndani yake kama mto ubadilishwavyo foronya. Hezroni huyu alikuwa kijana wa uso laini, na koti la yule mwenye kipara lilimpwaya mabegani. “Nimeleta habari njema. Kesho Mkubwa anakuja kubisha hodi kwa wenyeji wako.”

Sindano za Damari zilinyamaza.

“Atabisha yeye kwanza,” Hezroni aliendelea, “na maji yamkaribishe, karibu ndefu, yenye kung'aa, ionekane hadi barazani. Kisha watabisha wakubwa, kisha wafanyabiashara, kisha walimu, kisha mji mzima mpaka mkia. Kila mtu akaribishwe. Tumeona ni haki.”

“Wakibishiwa na mji mzima watakufa kabla foleni haijawafikia walimu.”

“Basi watakuwa wamekufa wakikaribisha. Kuna kifo kizuri kuliko hicho?”

Salatieli alisimama. Alikuwa mrefu, na gizani alionekana mrefu zaidi. “Kijana, au mzee, au vyovyote ulivyo leo. Sikiliza. Huo mwanga hausemi karibu. Huo ni ukunga.”

“Ukunga!” Hezroni alicheka, lakini kabla ya kucheka alitazama nyuma yake. “Ukunga wa nini? Nani anamla nani humu mjini, Mzee wangu?” Hakungoja jibu. Alipapasa chini ya tangi. “Na hiki nini? Blanketi la wodini! Mkubwa abishe hodi juu ya blanketi la wagonjwa? La hasha.” Akapiga makofi, watumishi wake wakaingia, wakanyanyua tangi kwa mtikiso uliowasha maji yote buluu kutoka juu hadi chini. Wakalitupa blanketi pembeni, na mahali pake wakaweka sinia kubwa la shaba lililoletwa kutoka ghala la karamu. Wakalitua tangi juu yake, sinia likalia, ng'iing'. “Sasa panafanana na mahali,” alisema Hezroni. “Adhuhuri njema, Mzee. Adhuhuri njema, Mama.”

Katika ule mwanga wa dhuluma, kabla haujazimika, Salatieli aliliona sinia. Karibu na ukingo wake palikuwa na ufa mwembamba uliopinda kama utosi wa mtoto. Aliujua. Aliupapasa ujana wake wote, kila alfajiri, kabla ya kupiga. Moto ulikuwa umeyeyusha kengele yake, lakini ule ufa ulikuwa umerudi kukaa mahali pake katika umbo lingine, kama aibu irudivyo katika ukoo.

“Kaka,” alisema Damari, wageni walipokwisha kuondoka. “Hebu nieleweshe mimi nisiyekwenda darasa la juu. Wewe unasema ni ukunga.”

“Ni ukunga.”

“Wao hawajui, wanagonga. Wajinga.”

“Wajinga.”

“Wewe unajua, unatazama.” Sindano zikaanza tena. “Mimi nafuma tu. Nilikuwa nauliza.”

“Nyamaza, ufume.”

“Nafuma.”

Salatieli hakulala. Au alilala akaota kwamba hakulala. Katika mji ule mambo hayo mawili yalivaa kanzu moja. Aliwasha taa ya wenyeji, akaketi mbele yao katika mchana wao, maji yakiwa meupe na matulivu, pasipo dalili kwamba kitu chochote kinaishi ndani yake. Akawaza. Kitu gani kinachoonekana pale tu kinapoumizwa? Kikiachwa salama, hakipo. Kikigongwa, kipo. Basi anayekipenda akitaka kukiona afanye nini? Na anayetawala, je? Hapo ndipo alipo Mkubwa, aliwaza Salatieli, hapo hasa. Mtu asiyejua kama watu wake wapo mpaka awagonge. Anagonga, wanawaka, anasema, tazama wanavyonipenda. Anagonga zaidi. Wanaowaka sana anawaita wazalendo. Wanaofifia anawaita wavivu. Waliozama chini kama masizi hawaiti kwa jina lolote, maana nani atabisha hodi kwa masizi?

Nao wanagongeka. Hilo ndilo linalochukiza. Wanakuja kwa miguu yao. Wanaomba nafasi ya mbele. Mama Ezra, fundi viatu, wote wale. Wamefungiwa waya shingoni wakauita mkufu. Ukiwaambia ni saa kumi na moja watauliza, imeandikwa wapi? Punda hajui kusoma, lakini jua likichwa punda hurudi nyumbani. Hawa ni nini basi? Chini ya punda kuna nini? Na nani atawalilia? Si mimi. Mimi nimekaa mahali pangu. Mimi ninaona. Kuona ni kazi. Kuona si kazi? Kengele ikiona haifai kitu. Nyamaza. Kengele haina macho. Kengele ina…

Aliliacha hapo, kwa sababu wazo lilikuwa limeanza kugeuka kumtazama yeye.

Ndipo akakumbuka jambo dogo la matunzo, jambo linalojuliwa na yeyote aliyewahi kuwafuga wenyeji. Taa ikiwaka mbele yao wakati wa usiku wao, hawatoi kitu. Na hata taa ikizimwa ghafula, hubaki wamenyamaza kitambo, kama mtu aliyetoka juani kuingia chumbani, mpaka giza liwarudie. Basi jua lilipochomoza, wakati wa kuzima taa kama ilivyo kawaida, hakuizima.

“Kaka, umesahau taa,” alisema Damari.

“Sikusahau.”

Damari alimtazama, akaitazama taa, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akacheka pasipo kudhihaki.

Walikuja na ngoma, matarumbeta na vumbi. Salatieli aliwasikia tangu mbali. Akangoja mpaka viatu vilipogusa baraza, akazima taa. Chumba kikawa giza kama ndani ya mbegu.

Safari hii Mkubwa alikuja akiwa kijana. Karamu iliyotangulia alikuwa mzee wa kushikwa mkono, na kabla ya hapo, walisema walioweza kukumbuka, alikuwa mama mmoja mpole. Hakuna aliyeshangaa. Mwenye saa moja tu huweza kuwa na umri wowote. Aliingia akinukia marashi na pilau, Hezroni nyuma yake, na nyuma ya Hezroni, mlangoni, barazani na barabarani, ulijaa mji mzima ukiwa umenyoosha shingo. Mkubwa akainama. Akagonga kioo.

“Hodi.”

Maji yakabaki meusi.

Watu wakangoja. Mtu mmoja akakohoa. Mkubwa akagonga tena, kwa nguvu zaidi, pete yake ikalia juu ya kioo.

“Hodi!”

Giza. Salatieli, kitini pake, aliifunga mikono juu ya fimbo, akajisikia akipanda juu ya vichwa vya watu wote wale, juu sana, mahali penye ubaridi na usafi. Gonga, aliwaza. Gonga ya tatu, mpumbavu wewe, sheria ikutoe nje.

“Hodi,” alisema Mkubwa mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Hapakuwa na karibu. Mji mzima ulijua maana yake. Hata watoto waliobebwa mabegani walijua. Hodi tatu zimekwisha, mgeni hugeuka. Ulisikika mkwaruzo wa soli ya kiatu kikianza kugeuka juu ya sakafu, taratibu, na kwa kitambo kifupi, ninyi mnaosikia, kitambo ambacho hakikuwa saa sita wala saa yoyote, mji ule ulikuwa karibu kuwa na akili.

Kisha, katika giza, sauti nyembamba ikasema, kama ya mtoto anayeongea kwa niaba ya mwanasesere wake:

“Karibu.”

Na sauti ya Mkubwa, nene, ikaitikia:

“Ahsanteni sana.”

Hapakupita pumzi mbili. “Mmesikia?” Hezroni alipaza sauti. “Maji yamesema! Yamesema kwa mdomo!” Barazani vigelegele vikalipuka. “Nimesikia kwa masikio yangu!” Mama Ezra alilia kwa furaha. “Na sauti nzuri, jamani, kama ya malaika!” Mumewe akasema hata yeye amesikia, tena wamemtaja kwa jina. Hezroni akatangaza papo hapo kwamba kuanzia leo hapana haja ya kubisha tena kwenye kioo. Wenyeji wamepata ulimi, na ulimi wao ni Mkubwa. Atakayetaka kukaribishwa ataitikiwa naye uwanjani, chini ya mnara. Na wote wakageuka, wakakimbilia uwanjani wakikanyagana kwa adabu kubwa, kila mmoja akisema samahani.

Chumba kikabaki kitupu. Salatieli alikuwa ameshinda. Wenyeji wake hawatagongwa tena na mtu yeyote mpaka mwisho wa dunia.

“Umeona?” alimwambia dada yake. “Umewaona? Mtu amejikaribisha mwenyewe mbele ya macho yao.”

“Kulikuwa na giza, Kaka. Mbele ya masikio yao.”

“Ni takataka.”

“Ni takataka,” Damari alikubali, akatafuta uzi wake. “Na wenyeji? Wazima?”

Hilo likamchoma. Taa ilikuwa imewaka muda ambao haikupasa kuwaka, na watumishi walikuwa wamewatikisa jana. Huenda walikuwa wazima. Huenda walikuwa wamekwisha kuzama. Giza halikusema. Njia ya kujua ilikuwa moja tu. Aliinua kidole chake, kifundo kikaelekea kioo, na pale pale akakiona kidole hicho kilivyo: hakikuwa na tofauti yoyote na cha fundi viatu. Akakishusha.

Wakakaa. Giza liliwarudia wenyeji taratibu, kama usingizi unavyomrudia mgonjwa.

Ndipo ngoma za karamu zilipoanza uwanjani. Zilikuwa ngoma kubwa, zile za ngozi ya ng'ombe ambazo husikika tumboni kabla ya kusikika masikioni. Mshindo ulipita chini ya barabara, ukapita chini ya kizingiti ambapo mishindo haibishi hodi, ukapanda miguu ya meza. Blanketi la kijivu lilikuwa bado limelala sakafuni pale lilipotupwa. Palikuwa na sinia tu. Na shaba ile, iliyokuwa kengele, haikuwa imesahau kazi yake. Ilipoguswa na mshindo, ikaitika: mlio mdogo, mzito, anaoujua mtu mmoja tu aliyebaki duniani.

Maji yakawaka.

Mshindo, yakawaka. Mshindo tena, yakawaka tena, buluu ya chini kabisa, kuanzia kwenye shaba na kupanda juu, bila kidole, bila mgeni. Kuta zilionekana na kupotea. Uso wa Damari ulionekana na kupotea, sindano zikiwa zimesimama hewani. Walikuwa wazima, wote, na kila uwanja uliposhangilia, wao walipiga ukunga. Mji ulikuwa unacheza, na kilio cha mji kilikuwa ndani ya kreti ya kioo, chumbani mwa mzee aliyekaa.

Kengele ina wajibu, aliwaza Salatieli, akilimalizia lile wazo. Haina macho. Ina wajibu.

“Kaka,” alisema Damari.

“Nimeona.”

“Sikusema umeona. Nimesema, Kaka.”

Alisimama. Magoti yake yalilia. Akayadharau kama alivyodharau kila kitu, na safari hii dharau ilimsaidia. “Shika huku,” alisema. “Polepole. Usitikise.” Wakalinyanyua tangi wawili, kama watu wanaombeba mtoto aliyesinzia, wakalitua juu ya blanketi la kijivu sakafuni. Maji yakatulia, yakawa meusi. Akalivika gunia bichi. Kisha akalichukua sinia, akalipapasa ukingoni mpaka kidole chake kikaupata ufa, akajua atapiga wapi na hatapiga wapi.

“Watakuua,” alisema Damari.

“Inawezekana. Ni watu wa hovyo kabisa.”

“Na bado unakwenda kuwaamsha?”

“Nimesikia ukunga,” alisema Mzee Salatieli kwa ukali, kana kwamba ameulizwa jambo la kitoto. “Asikiaye hutoka. Chukua mwiko wako, unifuate.”

Damari aliziweka sindano zake chini. Mwiko ulikuwa mkononi mwake tayari.

Nje kulikuwa na jua la jioni, jekundu, lililokuwa likichwa pasipo mtu kulitazama. Shingo zote zilikuwa mnarani. Mzee alisimama kizingitini, mahali ambapo kwa miaka yote wengine walikuwa wameomba ruhusa ya kuingia. Kutoka hakuna hodi. Akalining'iniza sinia kwa mkono wa kushoto, akainua fimbo, akapiga mara moja, kwa kipimo kile kile cha alfajiri za misheni, na mjini mle ikawa si saa sita tena.